Pole Si Fidia

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokutana Garbatulla. Yapigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya fidia na haki nyingine za mfanya kazi. Tumekubali kwa shida, maana twajua kwamba mtu akisikia neno "sheria" hapa chini ya mgunga, macho huanza kufumba, na wale waliokaa nyuma hukumbuka ghafula kwamba wana mbuzi wa kunywesha. Kwa hiyo hatutaanza na sheria. Tutaanza na sukari.

Kila mmoja wetu amjua Bwana Pole. Bwana Pole ana lori, au ana duka, au ana kandarasi ya kuchimba mawe, au ana ngamia wengi kuliko anavyoweza kuwachunga mwenyewe. Si mtu mmoja, wala hatumtaji mtu. Yuko katika kila mji tulio na wanachama. Wala Bwana Pole si mtu mbaya. Mfanya kazi wake akiumia, yeye ndiye wa kwanza kufika nyumbani. Huleta sukari kilo mbili na majani ya chai. Huketi, husema "pole sana, ndugu yangu," hutikisa kichwa, husema ni shauri ya Mungu, hunywa kikombe cha chai kilichotiwa ile ile sukari aliyoileta, kisha huondoka. Mwisho wa mwezi mgonjwa akituma mtoto kuuliza mshahara, Bwana Pole hushangaa sana. "Mshahara gani? Kwani sukari haikufika?"

Sasa, ndugu, tuelewane. Sisi hatukatai sukari. Desturi ya kumzuru mgonjwa ni njema, na dini yetu yaihimiza. Tajiri akija na sukari, mpokee, mshukuru, mpikie chai. Lakini ukishamaliza kunywa, kumbuka jambo moja, nalo ndilo jambo lote tulilokuja kulisema leo: pole si fidia. Pole ni hisani, na mtu aweza kuitoa au kuinyima. Fidia ni deni. Nani kati yenu amewahi kulipa deni la dukani kwa kumwambia mwenye duka "pole"?

Natuwape mfano. Taniboi mmoja alikuwa amekaa juu ya lori lililobeba mbuzi kutoka hapa kwenda soko la Isiolo. Kabla ya kufika Kula Mawe gurudumu likaingia katika laga, lori likainama, taniboi akaruka upande mmoja na mbuzi upande mwingine. Mbuzi wawili wakafa. Taniboi akavunjika mkono. Dereva akapiga simu kwa tajiri. Swali la kwanza la tajiri lilikuwa nini? "Mbuzi wangapi?" Na jioni ile ile karani akafungua daftari, akaandika tarehe, mahali, idadi ya mbuzi, rangi zao na bei yao. Mkono wa taniboi haukuandikwa popote. Yeye aliletewa sukari.

Miezi minne baadaye, mkono umeunga vibaya na vidole viwili havikunjiki, taniboi akaenda kudai. Akaulizwa: "Uliumia lini? Wapi? Nani alikuona?" Hakuikumbuka tarehe. Dereva alikuwa amehamia kazi nyingine Garissa. Shahidi aliyebaki ni mbuzi mmoja aliyepona, naye alikuwa amekwisha kuliwa. Kumbe shida yake haikuwa kwamba sheria haipo. Shida ni kwamba mbuzi alikuwa na daftari, na mtu hakuwa nalo.

Huenda mtu akasema kwamba fidia ni jambo la wazungu na la mijini, sisi watu wa huku hatulijui. Hapana! Sisi watu wa huku twaijua fidia kuliko mawakili wa Nairobi. Mwaka 2001 wazee wa sehemu zetu za kaskazini walikutana hapo Modogashe, wakafanya lile Azimio la Modogashe ili kuzuia umwagaji wa damu na wizi wa mifugo. Katika maafikiano hayo, fidia ya mwanamume aliyeuawa ni ng'ombe au ngamia 100, na ya mwanamke ni 50. Mtu aweza kuwa na neno lake juu ya hesabu hiyo, na hasa akina mama wana neno, nao wana haki. Lakini angalieni jambo moja. Katika baraza lile hapana mzee aliyesimama akasema, "Tuwapelekee wafiwa sukari kilo mbili." Wote walijua kwamba mtu ana thamani, na kwamba thamani hiyo hutajwa kwa hesabu, mbele ya watu.

Tena si sisi tu. Hata maharamia wa baharini walijua. Zamani, katika karne ya 17, walikuwako wanyang'anyi wa merikebu katika bahari ya Karibi. Daktari wao mmoja, jina lake Alexandre Exquemelin, aliandika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1678. Yeye aeleza kwamba kabla ya kusafiri walipatana fidia ya kila kiungo: mkono wa kulia reale 600, wa kushoto 500, mguu wa kulia 500, wa kushoto 400, jicho 100, na kidole vivyo hivyo 100. Na fidia hiyo ilitolewa kwanza, kabla ya kugawana mali. Basi, ndugu, tukimwona tajiri ambaye ana leseni, ana ofisi, ana muhuri, naye hawezi kufanya lililofanywa na wezi wa baharini, tumwite nani?

Serikali nazo zikafuata nyuma pole pole, kama kawaida yao. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazi mwaka 1884, Uingereza ikatunga ya fidia mwaka 1897. Hapa Kenya sheria ya fidia ililetwa wakati wa ukoloni, mwishoni mwa miaka ya 1940, ikakaa mpaka ilipobadilishwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo mpya nayo iliumia kabla ya kuanza kazi. Chama cha wanasheria kiliipeleka mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vyake kadha. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi. Na mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza shauri. Miaka kumi na zaidi mawakili walibishana kama mtu aliyevunjika mguu aanzie kwa Mkurugenzi wa serikali au aanzie mahakamani. Mguu wenyewe haukuulizwa. Neno lililoshinda ni kwamba twaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asiyeridhika na uamuzi wake aweza kupinga kwake katika siku 60, kisha kukata rufani katika mahakama ya kazi.

Sasa tumefika kwenye sheria, na twaona wawili wameanza kusinzia. Jirani awaguse, maana hapa ndipo penye fedha.

Kwanza, kila mwajiri atakiwa awe na bima kwa ajili ya wafanya kazi wake. Bima ya lori si bima ya taniboi. Lori lina stika kiooni. Wewe je, karatasi yako iko wapi? Uliza.

Pili, ukiumia kazini, tajiri ndiye apaswaye kukufikisha hospitali na kulipa gharama za matibabu. Bwana Pole siku hizi amejifunza maneno mapya. Husema, "Nenda na kadi yako ya SHA, serikali italipa." Kumbe ile bima ya afya, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, twailipia wenyewe asilimia 2.75 ya mshahara wetu. Maana yake ni kwamba umevunjikia mkono kazini kwake, kisha ujitibu kwa fedha yako, na yeye akupe pole. Hiyo ni sawa na mtu kukuazima punda, akamvunja mguu, kisha akakuambia umnunulie bandeji.

Tatu, ukishindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi, sheria yasema ulipwe kadiri ya mshahara wako wakati ule usiojiweza, lakini si zaidi ya miezi 12, na kwa viwango vilivyowekwa. Na katika kuhesabu mshahara wako, chakula na nyumba ulivyopewa na tajiri navyo huhesabiwa thamani yake. Mnasikia, ndugu wachungaji na walinzi wa usiku? Ule ugali ambao Bwana Pole amekuwa akiwasimbulia miaka yote, akisema "mimi nakulisha," basi na aendelee kuusema, tena auseme kwa sauti mbele ya mashahidi. Kila sahani aitajayo yaongeza hesabu.

Nne, ukibaki na kilema cha kudumu, hesabu huanzia mshahara wa miezi 96, yaani miaka 8, kisha daktari ataja asilimia. Aliyepoteza macho yote au mikono yote miwili ni asilimia 100. Vidole vina bei zao mbalimbali. Kidole gumba ni mzee wa baraza, hulipiwa zaidi. Kidole cha mwisho ni kijana, hupata kidogo. Tuseme mshahara wako ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na daktari ameandika asilimia 10. Miezi 96 mara 15,000 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 10 yake ni shilingi 144,000. Sasa chukueni shilingi 144,000, mtoe bei ya sukari kilo mbili na majani ya chai, kisha mtuambie Bwana Pole amebakiwa na shilingi ngapi mfukoni. Ndiyo maana aja upesi!

Tena angalieni: hesabu hii haiulizi kama aliyeumia ni mwanamume au mwanamke. Mama anayepika katika kambi ya wachimba mawe akimwagikiwa na maji ya moto, miezi yake ni 96 kama ya mumewe. Hapo sheria imewashinda wazee wa baraza, nasi twasema hivyo kwa heshima.

Tano, mfanya kazi akifa kwa ajali ya kazi, wale waliokuwa wakimtegemea wana haki ya kulipwa, na tajiri ana wajibu juu ya gharama za mazishi. Jambo hili hatulifanyii mzaha. Wajane wengi wamepewa pole mpaka wakachoka kuisikia, na watoto wakatolewa shule.

Sasa tuyajibu maneno ya Bwana Pole, maana ana maneno matatu naye huyatumia kila mwaka.

La kwanza husema: "Wewe ni kibarua tu, hukuandikwa." Ndugu, mapatano ya kazi yaweza kuwa ya mdomo. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na wa kuiandika ni mwajiri. Akija mbele ya mahakama bila karatasi, ni juu yake yeye kuthibitisha masharti yalikuwaje, si juu yako. Na kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zikatimia mwezi, huyo sheria yamtazama kama mtu wa mwezi. Kuna watu hapa ni vibarua tangu uwanja wa soko ulipokuwa kichaka. Wameoa wakiwa vibarua, wameoza mabinti wakiwa vibarua, na bado kila asubuhi nyapara huwatazama kama wageni waliotoka Mandera usiku.

La pili husema: "Ulijitakia mwenyewe." Ni kweli, aliyefanya upotovu wa kusudi akajiumiza anaweza kukosa fidia. Lakini hata huyo, akipata kilema kikubwa au akifa, sheria haimfungii mlango kwa sababu hiyo. Na kuchoka si kusudi. Kulala usingizi baada ya usiku mbili barabarani bila kupumzika si kusudi. Hata ngamia hulala.

La tatu husema: "Nikilipa fidia nitafilisika." Hapo ndipo twamkumbusha bima. Aliye na bima halipi peke yake. Na aliyekataa kununua bima alijaribu kuweka akiba kwa viungo vya watu wengine.

Yako na mafao mengine ambayo hayahitaji mtu avunjike ndiyo ayapate. Ukimaliza miezi 12 ya kazi una likizo ya siku 21 za kazi kwa mshahara. Baada ya miezi 2, ukiugua na kuwa na cheti cha daktari, una siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu. Mama ana miezi 3 ya uzazi kwa mshahara, na baba ana wiki 2. Twawaomba akina baba wiki hizo mbili wazitumie nyumbani, si hotelini wakinywa chai na kupokea hongera. Una siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Na mwajiri atakiwa kuwapa wafanya kazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Kifungu hicho kikisomwa Nairobi watu hupiga miayo. Kikisomwa hapa Garbatulla, mwezi wa Februari, jua limesimama na kisima kiko mbali, hicho ndicho kifungu kitamu kuliko vyote.

Tena tazameni karatasi zenu za mshahara. Mshahara siku hizi ni kama mbuzi aliyepita katikati ya fisi: akifika nyumbani ni pembe na kwato. Bima ya afya imekata asilimia 2.75. Kodi ya nyumba imekata 1.5. Akiba ya uzee ya NSSF imekata 6, mpaka kiwango kilichowekwa. Lakini katika akiba ya uzee na katika nyumba, tajiri naye apaswa kutia kiasi kile kile kama chako. Basi usitazame tu kilichokatwa. Uliza kama kimefika, na kama cha tajiri nacho kimefika. Fedha iliyokatwa kwako ikakaa mfukoni mwa tajiri ni wizi, hata kama karatasi ni nzuri na imepigwa muhuri.

Sasa tumalizie kwa yale ya kufanya, nayo ni matano tu, hesabuni kwa vidole, mkiwa bado mnavyo vyote.

Kidole cha kwanza: ukiumia, sema siku ile ile. Mwambie nyapara, mwambie tajiri, mbele ya mtu wa tatu. Taarifa ya mdomo yakubaliwa, lakini ya kuandikwa haisahau.

Kidole cha pili: andika tarehe, saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, na majina ya walioona. Asiyejua kuandika amtafute kijana wa shule. Ujumbe wa simu nao ni maandishi, usiufute.

Kidole cha tatu: hospitalini mwambie daktari wazi kwamba umeumia kazini, naye aandike hivyo. Usikubali kuambiwa useme ulianguka nyumbani. Nyumba yako haina lori.

Kidole cha nne: tajiri akishapata habari ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi taarifa ya ajali. Zikipita kimya, njoo kwa katibu wa tawi, twende pamoja kwa afisa wa kazi. Usingoje. Dai lapaswa kupelekwa kabla miezi 12 haijapita, na likishapelekwa, muda wa kulipa ni siku 90. Miezi 12 yaonekana mingi, lakini mvua mbili tu, na imekwisha.

Kidole cha tano, ambacho ni gumba, mzee wa baraza: usikitie wino wala usikibonyeze kwenye karatasi usiyoielewa. Akikuambia "weka tu kidole hapa, ni mambo ya ofisi," mwambie kidole hiki kina bei katika sheria, na hukiweki popote bure.

Ndugu, chama hakiwezi kuwa juu ya kila lori wala ndani ya kila shimo la mawe. Lakini tawi letu laweza kuwa na daftari moja. Twawaomba leo, kabla hamjaondoka, mkubaliane linunuliwe daftari la ajali, likae kwa katibu, na kila mwanachama aliyeumia aandikwe humo siku ile ile, awe amekatwa kidole au amepigwa teke na ngamia. Daftari ni shilingi chache. Tukilikosa, mbuzi wa Bwana Pole wataendelea kuandikwa, na sisi tutaendelea kunywa chai.

Na siku Bwana Pole atakapokuja na sukari yake, mkaribisheni kwa adabu. Mwambieni, "Ahsante, tajiri, pole tumeipokea. Sasa twangoja fidia."